Mama anachemsha mshubiri na maganda yake, na vidonge "kavipumzisha"

Mkuu uliyenijibu kwenye ule uzi wa matumbo kwamba "mitishamba ni upuuzi, mpeleke mama yako hospitali": hospitali tulishaenda. Na mitishamba siyo upuuzi. Kilichonitokea ni kingine kabisa.

Habari zenu lakini wakuu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sina cha kuongeza.

Mama anaumwa utumbo mpana. Daktari alimpima kwa kamera, akaona umevimba na una vidonda. Akampa vidonge. Kuhara damu kukakata, mama akarudi kuuza dagaa zake hapa Buzuruga.

Halafu mdogo wake, mama mdogo Minza, akaja kutoka Misungwi na majani ya mshubiri kwenye kiroba. Wengine mnauita alovera.

Nikasema asante. Kidogo anizabe kofi.

"We Kabula, dawa haishukuriwi. Unataka ilale, isifanye kazi?"

Wasukuma wenzangu hii mnaijua. Ila kwetu wameongeza na yao: dawa huiulizi wala huitangazi. Basi nikafunga mdomo.

Mama akaanza kunywa, na mbio za chooni zikaanza upya. Kakonda mpaka sketi anaifunga na kamba. Tukipiga simu Misungwi tunajibiwa, "Uchafu huo unatoka, dada. Kaza moyo."

Leo nimemkuta kakaa chini mlangoni pa choo, kashindwa kuinuka. Damu imerudi.

Nikaingia gugo na hasira zangu, natafuta pa kuuponda huo mshubiri. Nikakuta watafiti wanaupima kweli, kama unatuliza uvimbe wa utumbo. Ila wanachopima ni ule ute wa ndani unaoteleza. Yale maji ya njano chini ya ganda wanayaondoa, yanaendesha tumbo vibaya sana. Na hata huo ute hakuna aliyesema uache vidonge.

Nikaenda jikoni. Sufuria limejaa majani mazima, na maganda yake, na miiba yake.

"Mama, haya maji ya njano huyamwagi?"

"Nimwage? Hayo ndiyo yenyewe. Dawa isiyo chungu hiyo ni juisi."

"Na vidonge?"

"Nimevipumzisha. Dawa mbili zitagombana tumboni, mwanangu."

Wakuu, muda wote huo mimi najua anameza.

Nikampigia mama mdogo. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza kama ndiye aliyesema yachemshwe na maganda. Akanijibu:

"Mimi nilimpa majani tu. Sisi huku tunakwangua ute. Si hakuuliza?"

Hakuuliza. Na mimi sikuuliza, na daktari hakuambiwa. Mti unaweza kuwa dawa ukakumaliza vilevile, kisa watu wazima mnaogopa kuuliza mnywe sehemu gani.

Mwenye mgonjwa wa hivi aniambie walimrudishaje kwenye vidonge. Wa kutukana mitishamba apite tu.

Sufuria nimelimwaga, nimebakiza kichupa kimoja. Nilitaka twende leo leo, mama kagoma, anaona aibu kwa daktari. Amekubali tu maji ya chumvi na sukari, nimekaa hapa namnywesha.

Kesho kukipambazuka bajaji inakuja mpaka mlangoni. Namvalisha kanga safi, nampakia, na kichupa nakiweka mezani kwa daktari mimi mwenyewe. Mama akitaka kuninunia aninunie, ilimradi awe hai.