Maziwa ya Kopo ya Ayubu

Nilikuwa na miaka kumi, nasoma darasa la nne pale Ihanda, mwaka ambao mama mdogo Rehema alituachia mtoto wake na kwenda kufanya kazi Tunduma. Habari ya mwaka ule nimeisimulia mara nyingi, kwa mume wangu na kwa wenzangu kazini, lakini siku zote nimeisimulia kama kijiji kilivyoisimulia. Sijawahi kuisimulia kama ilivyokuwa.

Mama yangu alishafariki, na mimi nililelewa na Bibi, mama yake. Rehema alikuwa mdogo wake mama wa mwisho, binti wa miaka ishirini, mwenye kicheko cha kumfanya mtu ageuke njiani. Alikuwa amezaa na Yohana, kijana wa Igamba, na wazee wa Yohana walikuwa wameahidi kuleta mahari kahawa ikishauzwa. Lakini kahawa ilikuwa bado mtini, na Yohana mwenyewe hakuwa na kitu. Rehema akapata kazi ya kupika kwenye mgahawa karibu na mpaka wa Zambia. Ayubu alikuwa na miezi minne na kidogo.

Siku ya kuondoka, Bibi alimkalisha chini jikoni.

"Rehema, una mtoto mchanga. Huko unakokwenda kuna madereva wa kila nchi. Usimguse mwanaume. Hata Yohana akikufuata, mwambie asubiri. Ukikosea utambemenda huyu mtoto, na mimi sitaki kuzika tena."

"Mama, naenda kupika," alisema Rehema.

Kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa neno hilo. Mama wa mtoto mchanga akitoka nje ya ndoa, au baba yake akifanya hivyo, anarudi na joto la mtu mwingine mwilini, na joto hilo linamwingia mtoto akinyonya au akipakatwa. Mtoto anakonda, shingo inalegea, miguu inakataa kukua. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Nilikuwa nimeshaonyeshwa watoto wa namna hiyo kanisani, kwa jicho tu, na mama zao nao nilionyeshwa kwa jicho hilohilo.

Rehema alikuwa akija kila Jumapili na kopo la maziwa ya unga. Alinionyesha kwa kidole maandishi ubavuni mwa kopo, kwa sababu Bibi hakujua kusoma na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. "Wewe Tabitha ndiye mama yake sasa. Maji yaliyochemka. Kila mstari mmoja kwenye chupa, kijiko kimoja, ukisawazishe. Usizidishe, usipunguze. Uji bado, hadi afikishe miezi sita."

Nilijivuna sana. Shuleni niliwaambia wenzangu kuwa nina kazi ya daktari.

Sijui ni siku gani nililamba mara ya kwanza. Nadhani unga ulibaki kwenye kijiko, nikakipitisha mdomoni kama mtoto yeyote angefanya. Mpaka leo nakumbuka jinsi ulivyonata kwenye kaakaa na kuyeyuka polepole, mtamu, wenye mafuta. Nyumbani kwetu sukari ilikuwa ya wageni. Kesho yake nililamba kijiko kizima. Baadaye nikawa nachota vitatu, vinne, nimejificha nyuma ya ghala la mahindi, nafuta mdomo kwa gauni.

Kopo lililotakiwa kufika Jumapili likaanza kwisha Alhamisi. Ndipo nikagundua dawa yangu. Badala ya vijiko sita kwenye mistari sita ya maji, nikaweka vinne. Juma lililofuata, vitatu. Maziwa yalikuwa bado meupe. Chupa ilikuwa bado imejaa. Ayubu alinyonya yote, akalala kidogo, akaamka akilia.

"Mtoto huyu hashibi," Bibi alisema. "Maziwa ya kopo si chakula. Tumpe uji."

Alikuwa hajafika hata miezi mitano. Bibi alipika uji wa mahindi mwepesi, unaopita kwenye tundu la chupa, na Ayubu akaunywa kwa pupa. Mimi nilifurahi, nakiri hivyo, kwa sababu uji ulimnyamazisha na kopo likadumu. Tumbo lake lilijaa maji ya uji, na maziwa nikimpa anayatema. Basi yale anayoyatema nikaacha kumtengenezea.

Juni ikaingia na baridi yake. Shule zikafungwa, Bibi akawa anashinda shambani anachuma kahawa, na mimi nikabaki na Ayubu mgongoni kutwa. Nilikuwa nikimwona akipungua. Sitaki kusema sikuona. Ngozi ya mapaja ilijikunja kama soksi iliyoteremka. Uso ulikuwa wa mzee. Alifika mahali akaacha hata kulia, ananitazama tu, na kule kunitazama ndiko kulikonifanya nimrudishe mgongoni.

Mama Yohana alipokuja kumsalimia mjukuu wake, alimfunua kanga akamtazama muda mrefu.

"Mama Rehema," alimwambia Bibi, "huyu mtoto amebemendwa."

Bibi hakubisha. Alikaa kwenye kigoda, kikapu cha kahawa miguuni, akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwambia. Nilimwambia siku ileile anaondoka."

Mama Yohana alikuwa mwanakwaya, mtu wa kufunga na kuomba. Hata hivyo alifahamu ni nani anayechimba mizizi ya ugonjwa ule, na Jumapili iliyofuata alikuja nayo imefungwa kwenye kitambaa. Rehema alikuta wanawake wanne wamekaa uani wakimsubiri. Alinyoosha mikono kumchukua mwanawe, Bibi akamrudisha.

"Usimguse. Kwanza sema."

"Niseme nini, Mama?"

Mama Yohana ndiye aliyejibu, na kwa haki niseme kwamba hakufoka. "Binti yangu, hatujaja kukupiga. Dawa ipo hapa. Lakini haishiki mpaka mama ataje jina la mwanaume. Ukificha, tunamwogesha bure, na mtoto anakwenda. Wewe ndiye unayejua."

"Sina mwanaume. Naapa mbele ya Mungu. Nalala na wenzangu watatu chumba kimoja, mkawaulize."

"Mtoto hawezi kuwa hivi bila sababu."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na Ayubu mgongoni. Sababu nilikuwa nayo. Nilifungua mdomo, ninakumbuka kabisa niliufungua, na Bibi akanigeukia akasema, "Tabitha, peleka mtoto ndani, haya ni mambo ya wakubwa." Nikashukuru. Nikaingia ndani, nikakaa kwenye kitanda na kusikiliza kupitia ukuta.

Waliuliza na kuuliza. Rehema alilia, kisha akakasirika, kisha akalia tena. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la jirani waliponiita nimlete mtoto ili mama yake amwone vizuri. Walimfunua mbele yake, mbavu zikihesabika moja moja. Rehema alimtazama. Akaacha kubisha.

"Nikitaja, mtamwogesha leo?"

"Leo hii."

"Basi ni Bwalya," alisema. "Mzambia mmoja. Anaitwa Bwalya."

Wanawake walishusha pumzi kwa pamoja. Mama Yohana alianza kufungua kile kitambaa, machozi yakimtoka. Sasa najua alikuwa analia kwa ajili ya mwanawe Yohana, kwa sababu wakati uleule alikuwa ameshaamua. Mahari haikuletwa. Kahawa ilipouzwa Yohana alikwenda kuposa Mlowo.

Rehema aliondoka jioni ileile. Walimkataza kumgusa mtoto hadi dawa ishike, akaweka kopo jipya juu ya meza na kumpungia Ayubu mkono kwa mbali, kama mtu anayempungia mgeni kwenye basi.

Jumanne ilikuwa siku ya kupima watoto zahanati. Muuguzi alimweka Ayubu kwenye mzani, akachora nukta chini kabisa kwenye kadi. Bibi alimweleza kwamba mtoto amebemendwa na ameshaogeshwa. Muuguzi hakumcheka. Alimtuma nje akafuate kanga iliyoanguka benchini, kisha akaniinamia.

"Nani anachanganya maziwa?"

"Mimi."

"Vijiko vingapi?"

Nilitazama sakafu. "Vitatu."

"Kwa chupa nzima? Na kopo linakwenda wapi?"

Nilifuta mdomo kwa gauni. Labda alisoma usoni, labda mdomo wangu ulikuwa bado mweupe pembeni. Alinishika bega, si kwa nguvu. "Sikiliza. Akiendelea hivi juma moja zaidi, nampeleka hospitali, na sijui kama atarudi. Vijiko sita. Umenisikia?"

Bibi aliporudi, muuguzi alimfundisha yeye pia, taratibu, mara mbili. Maziwa ndiyo chakula chake kikuu hadi afikishe mwaka, uji haumwondolei maziwa. Kwa sasa uji uachwe kabisa. Atakapotimiza miezi sita, anywe maziwa kwanza, kisha apewe uji mzito kwa kijiko, mzito hadi usidondoke, wenye karanga zilizosagwa, siku nyingine parachichi au kiini cha yai. Vijiko viwili vitatu kwanza, na kuongeza kadiri anavyozoea. Kila juma arudishwe apimwe.

Hakumwambia Bibi nilichofanya. Nilimwona mtu mwema. Siku hizi sina hakika.

Sikulamba tena. Niliweka vijiko sita, nikisawazisha kwa mgongo wa kisu. Juma la kwanza Ayubu hakuongezeka wala hakupungua. Juma la pili nukta ilipanda. Kufikia Agosti alikuwa anakaa mwenyewe, anapiga kijiko cha uji kwenye sahani, ana mikunjo mipya mapajani, ya mafuta safari hii.

"Dawa imeshika," alisema Bibi, na kijiji kizima kikasema hivyo. Ndilo jambo ambalo sikulitegemea. Nilidhani mtoto akipona yatakwisha. Kumbe kupona kwake ndiko kulikomfunga mama yake. Alitaja, na mtoto akapona, ushahidi gani mwingine ulitakiwa? Rehema hakurudi kuishi Ihanda. Alimchukua Ayubu alipofikisha miaka minne na kuhamia naye Tunduma moja kwa moja. Nyumbani alikuja kwenye misiba tu, na hata huko wanawake walimsogezea mkeka wa pembeni.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli. Lakini nilikuja kuwa na miaka kumi na tano, ishirini, thelathini, na Bibi alikuwa hai muda wote huo, akimwombea Rehema asamehewe. Alifariki akiwa bado anaomba.

Mwaka jana nilikwenda Tunduma na binti yangu, aliyekuwa na miezi saba. Nilikuwa nimerudi kazini Vwawa, nampa maziwa ya kopo na uji, na kila nikishika kile kijiko nilimwona Ayubu. Rehema alitupokea kwa furaha. Ayubu, fundi wa malori sasa, mrefu kuliko mlango, alimrusha mtoto juu akatoka kwenda kazini. Tulipobaki wawili nilimweleza yote: ghala la mahindi, vijiko vitatu, ile Jumapili.

Alikuwa anamlisha binti yangu. Aliendelea hadi sahani ikafika nusu.

"Ulikuwa na njaa?" aliniuliza.

Nilitamani kusema ndiyo. "Hapana, mama mdogo. Yalikuwa matamu tu."

Alitikisa kichwa polepole. Akasema, bila kunitazama, "Bwalya alikuwa mzee asiye na meno. Alikuwa ananunua kwangu uji. Ndilo jina la kwanza lililonijia." Kisha akauliza, "Na Mama, ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Hukumwambia."

Alimfuta mtoto mdomo, akanirudishia, akaenda kuosha sahani. Hakunifukuza. Nilipoaga alinifungia parachichi za njiani. Lakini hajanipigia simu tangu siku ile, na nikimpigia mimi anaongea mambo ya hali ya hewa na afya, kwa heshima, kama anavyoongea na majirani wa Ihanda.

Sasa siamini kubemenda. Sijui hata kama Bibi aliamini kwa kiasi ninachofikiri, au alihitaji tu neno la kuita kitu kilichokuwa kinamwondokea mikononi. Neno lile peke yake lisingemdhuru Rehema. Lilihitaji mtu anayejua ukweli akae kimya, na mtu huyo alikuwepo. Bado nalisikia, kwenye foleni za kliniki, likisemwa kwa sauti ya chini juu ya mama fulani kijana. Huwa nasogea, naomba radhi, nauliza nani anayechanganya maziwa. Nikiuliza simtazami yule mama. Natazama watoto waliosimama nyuma yake, nikisubiri mmoja ainamishe kichwa.