Simu za Wageni na Wimbo wa Jembe

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Nilisoma mpaka darasa la saba, na mkono wangu uko nyuma sana ya mawazo. Ila jambo hili nimetaka kuliandika mwenyewe, maana kuongea mbele za watu kunanishinda zaidi.

Nakaa Bariadi. Kaka yangu ana chumba cha kurekodi nyuma ya duka la mbegu, na mimi ndiye ninayekaa kwenye kompyuta. Siku nyingi naingiza nyimbo kwenye simu za watu. Kurekodi huja mara mojamoja, kwaya au mtu anayetaka tangazo la mnada.

Siku hiyo kaka alikuwa Maswa, anapiga muziki kwenye harusi. Asubuhi pikipiki zikashusha akina mama kutoka Mwamapalala, kila mmoja na jembe begani. Walikuwa kikundi cha kulima: leo shamba lako, kesho langu, na wanalima wakiimba. Mama aliyekuwa akiwaongoza kuimba alikuwa anahama. Mume wake amepata malisho Katavi, na lori la kubeba ng'ombe na vyombo lilikuwa linakuja siku ileile. Wenzake walitaka sauti yake ibaki.

"Mwangaluka, mayu," nikawasalimia kwa Kisukuma, nikiangalia sakafu.

"Mwangaluka, mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Huyu?" mmoja akacheka. "Huyu akikanyagwa na mbuzi si anamwomba mbuzi radhi!"

Kwetu mgeni wa kijijini akifika mjini, cha kwanza anatoa simu ichajiwe, na mwenyeji hakatai. Soketi yetu ya ukutani ni moja, na ilishikwa na kompyuta. Basi nikachomeka simu zao zote kwenye kile kipande chenye matundu mengi kinachoingia kwenye kompyuta. Hapohapo ndipo ilipochomekwa saundi kadi, kisanduku kinachopeleka sauti ya maikrofoni ndani ya kompyuta.

Wakaimba wakigonga majembe kwa vijiwe. Masikioni ilikuwa nzuri mpaka mwili ukanisisimka. Nilipoirudisha kusikiliza, ni tak, tak, tak, na sauti ya kiongozi inakatika kama mtu anayeongea juu ya baiskeli kwenye mawe. Mara programu ikaganda, ikasema haioni saundi kadi.

Nikazima kompyuta nikaiwasha. Kwenye mipangilio nikakuta imehamia kwenye maikrofoni yake yenyewe, ile ndogo juu ya kioo. Nikaifunga hiyo, nikachagua saundi kadi. Tukarudia. Programu haikuganda tena, lakini tak, tak zilibaki.

"Labda ni majembe," mama mmoja akasema.

Wakaimba bila majembe. Wimbo ukapoa, wakasahau hata mahali pa kupokelea.

"Hatujui kuimba huu mikono mitupu," kiongozi akasema. "Na lori halitaningoja, mwanangu."

Nikaacha programu irekodi, nikawa nasikiliza kinachoingia kwenye kompyuta huku naangalia simu zile. Moja ilipowaka mwanga, tak. Nyingine ikawaka, tak. Kompyuta ilikuwa inazihesabu kama vyombo vyake, nazo zinagombania njia moja na umeme mmoja na saundi kadi. Hilo nililiona. Lakini ningewaambiaje wageni watoe simu kwenye chaji? Nikachomoa moja kimyakimya, ya mama aliyekuwa karibu.

"We! Mbona unaninyima chaji?"

Wote wakanigeukia.

"Simu ndizo zinasumbua," nikasema. "Zitoke zote."

Yule wa mbuzi akasema, "Kumbe anaongea!" Wakacheka, wakachomoa simu zao.

Ikabaki ya kiongozi. Mume wake angempigia lori likifika, na chaji ilikuwa karibu kuisha.

"Ikizima, ataondoka bila mimi," akasema.

"Akuache? Hao ng'ombe nani atamkamulia?" mwenzake akamtania.

Pikipiki nyingi za kwetu zimefungwa tundu la kuchajia simu karibu na usukani. Nikatoka nikamwomba bodaboda mmoja, naye akakubali. Mama akamkabidhi simu. "Mume wangu akipiga, pokea. Mwambie naimba."

Tukarekodi, majembe yote yakigonga, na hakuna tak hata moja. Tulipokaribia mwisho nikasikia nje, "Hapana mzee, mimi ni bodaboda tu! Mkeo anaimba! Nakwambia anaimba, sikiliza!" Akaisogeza simu dirishani. Mama alisikia. Hakunyamaza, alicheka ndani ya wimbo akaendelea mpaka mwisho. Kicheko hicho kimo kwenye rekodi. Sikukikata.

Lori lilikuwa limefika. Nikaingiza wimbo kwenye simu zao, ya kiongozi kwanza, naye akapanda pikipiki na jembe lake.

Wenzake wananiambia wanaupiga kwenye redio ndogo pembeni mwa shamba, na kicheko kikifika wanamjibu kana kwamba yupo kwenye mstari wao. Nami wageni wakija, napeleka simu zao kwa bodaboda kabla sijafungua programu. Bado naangalia sakafu ninapowaambia.

Wewe unayesoma, kwenu watu wanalima wakiimba nini? Na kama kompyuta yako imewahi kukusumbua kwa tak, tak, ulifanyaje? Niandikie. Nitajibu, ila nipe muda, mkono wangu mzito.