Mwamkieni Mgeni wa Kwenye Shuka

Enzi zetu kule Matombo sinema ilikuwa na harufu, nyie acheni tu. Ilinukia dizeli ya jenereta la misheni, karanga za kukaanga, na mdalasini ulioshinda ukianikwa pale pale tulipotandika mikeka. Shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa ghala, na magharibi ikishapita kijiji kizima kilikuwa hapo, Waislamu kwa Wakristo, wazee mbele kwa sababu ya macho, sisi watoto popote tulipopenya. Ukungu ukishuka kutoka mlimani tulijifunika kanga moja watatu watatu, tukigombania pindo.

Padri alikuwa na filamu za Kifaransa za kuchekesha, za zamani hata wakati huo, zisizohitaji mkalimani kwa kuwa watu wake walikuwa hawasemi kitu. Vijana wa sasa ukiwaambia filamu haina maneno wanakuuliza kama spika imekufa. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tuliyempenda kuliko wote alikuwa bwana mmoja mnene mwenye mwavuli, mwenye adabu za kupitiliza. Kila alichokutana nacho alikivulia kofia: mwanamke, polisi, ng'ombe, hata mlango uliomgonga pua. Siku ya kwanza tulipomwona, akageuka, akatutazama sisi tuliokaa kwenye mikeka, akavua kofia.

Tukakodoa macho. Mama yangu, ambaye kwake mtoto asiyeamkia wageni alikuwa aibu ya ukoo, alitugeukia amekasirika kwelikweli.

"Mgeni kavua kofia, mnamtazama tu? Mwamkieni!"

Basi watoto wote tukapaza sauti, "Shikamoo!" Padri alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu: kofia ikivuliwa tunaamkia, na mama anatukagua kuona nani kanyamaza. Wala haikutupitia akilini kwamba mtu wa kwenye shuka hasikii.

Masika ya mwaka huu mama alipata kiharusi. Mkono ulirudi, miguu nayo ikarudi kwa kusuasua, lakini maneno yaligoma. Daktari alisema huenda yakarudi, huenda yasirudi. Tunakaa naye Bigwa, nje kidogo ya mji, mimi na dada yangu Zuhura, na kila asubuhi Zuhura alikuwa akipiga magoti kando ya kitanda, anasema, "Shikamoo mama," anasubiri. Halafu anabeba ndoo kwenda kuchota maji ambayo wala hatuyahitaji. Mimi niliogopa, sisemi uongo. Niliogopa kwamba mama ameshaondoka, katuachia mwili tu.

Ndipo nikasikia kuna ukumbi mjini wanaonyesha zile filamu za zamani za Kifaransa Jumamosi mchana, kisha watu wanakaa kunywa chai na kuzungumza. Zuhura hakutaka hata kusikia. Alisema mtu hawezi kuitikia salamu, mimi nampeleka kwenye vichekesho watu wakamshangae. Nikamwita wa bajaji, tukaenda hivyo hivyo.

Ukumbi ulijaa vijana, nusu yao wanatazama filamu, nusu wanatazama simu. Mama alikaa, mikono mapajani. Mara akatokea bwana mnene mwenye mwavuli, yule yule, hajazeeka hata siku moja. Akamvulia kofia ng'ombe. Akauvulia mlango. Akatugeukia. Nikasikia kidole kinanichoma ubavuni.

"Mwa... mkie," alisema mama.

Mimi huyu, mwenye mvi na wajukuu, nikasimama ukumbini nikapaza sauti, "Shikamoo!" Vijana wakaangua kicheko, na mama akacheka nao, mdomo umepinda upande mmoja, machozi yanamtiririka. Nilikaa chini nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu masika.

Wakati wa chai waliniuliza ilikuwaje nikaiamkia filamu. Nikawasimulia habari za shuka, mikeka na padri. Binti mmoja alisema wao kila mtu ana sinema yake mfukoni na anacheka peke yake. Nilimwonea huruma, maana sisi tulicheka kijiji kizima. Walipoaga walipita mmoja mmoja mbele ya mama kumwamkia, naye akawa anahangaika na neno, linakwama, anarudia.

Zuhura alitupokea mlangoni amenuna. "Shikamoo mama," alisema, mkono wake ukiwa tayari kwenye ndoo.

"Marahaba," mama akaitikia.

Ndoo ilianguka, na Zuhura akaanguka nayo, analia miguuni pa mama.

Enzi zile mama ndiye aliyetusukuma tuamkie. Siku hizi Zuhura anamwamkia alfajiri, anamwamkia adhuhuri, anamwamkia akitoka dukani, anamwamkia akitoka jikoni, ilimradi tu asikie. Jana mama aliunyanyua mkono ule uliorudi, akamzuia kabla hajapiga magoti.

"Inatosha," alisema.