Sukari ya Mzee Anyelwisye

Felista wa Bulyaga hakuwa mtu wa makuu. Fundi cherehani, mke wa Ackson, mama wa Obed na Tulia, vyumba viwili vya kupanga, basi. Ukimtaka ulimkuta barazani kwenye duka la Biubwa, mguu kwenye pedeli, anashona sare za shule. Mwaka ule wa tisini na nne mumewe alikuwa ametimiza miezi minane tangu apunguzwe kazi kwenye ghala alikokuwa karani. Waliitwa majina, wakapewa bahasha na mkono wa kwaheri. Bahasha ikaisha kabla mvua hazijaisha.

Sasa hapo utamlaumu nani? Enzi za foleni watu walikuwa na hela na dukani hamna kitu. Unaamka alfajiri kwenda kugombea kipande cha sabuni. Ikaja biashara huria, rafu za Biubwa zikajaa mpaka kwenye dari, mafuta ya kila rangi, biskuti, sabuni zinazonukia mpaka barabarani, na hela nayo ikayeyuka. Tufunge mikanda, walisema redioni. Wanaosema hayo, jamani, mikanda wanayo!

Felista akafunga. Alianza na mkate, watoto wakarudi kwenye kiporo. Nyama ikasogezwa mpaka Krismasi. Mafuta ya taa yakawa ya kibatari kimoja, kinachohama na mwenye shida nacho. Mafuta ya kupikia akaacha kununua kwa chupa, akanunua kwa kijiko. Mche wa sabuni aliukata vipande kwa uzi, akavihesabu, akavificha juu ya kabati kama dhahabu.

"Mama Obed," Biubwa akamtania siku moja akimpimia mafuta, "siku hizi wanunua chakula kama watu wanunuavyo dawa. Kijiko kimoja, kutwa mara tatu!"

Zamani Felista angemjibu, tena angemjibu vizuri, maana wawili hao walikuwa na ulimi. Siku hiyo alinyoosha tu mkono akapokea kikopo chake. Hakuona uchungu, hakuona aibu. Kuna namna mguu unavyokufa ganzi ukiukalia sana; yeye alikuwa amekufa ganzi mzima mzima. Alikata kitu kwenye matumizi, halafu akatafuta kingine cha kukata.

Ndipo akaikata sukari ya mzee.

Hii lazima niieleze. Kila Jumamosi Ackson alitembea kwa miguu mpaka Kisondela kwa baba yake, Mzee Anyelwisye, mjane, mkali, mwenye shamba la migomba linalosifika. Alimpelekea robo kilo ya sukari na kipande cha sabuni, akarudi na mkungu wa ndizi begani, maharage kidogo na maparachichi. Mkungu ule ndio uliowalisha nusu ya wiki. Kifurushi cha mzee alikifunga Felista kwa mkono wake, kwa vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani, fundo juu, ncha mbili zimesimama. Miaka kumi na mmoja hakukosa Jumamosi. Hata alipomzaa Tulia alikifunga kitandani.

Lakini uso wa mzee hakuwahi kuuona. Ndiyo mila yetu: mkamwana na baba mkwe hawaangaliani, hawaongei, hawakai nyumba moja, wakikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Vijana wa sasa wanapeana mikono na wakwe zao kanisani, tena wanacheka. Mzee Anyelwisye hakuwa wa sasa. Hata kumtaja mkamwana wake mbele ya mwanawe aliona haya.

Felista akawaza: mzee anaishi peke yake, maziwa anayo, ndizi anazo, sukari ya nini? Akaifuta, na sabuni nayo.

"Niende mikono mitupu?" Ackson akauliza.

"Si ni baba yako, Baba Obed?"

Ackson akaenda, akarudi jioni na gunia lake limekunjwa kwapani vilevile alivyoondoka nalo.

"Ameniangalia mikono," alisema. "Hakuuliza kitu. Akaniambia nisichelewe, mvua inakuja."

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walikwishasema. Wiki ya pili Felista akafunga sukari upesi, nusu kilo nzima, lakini Ackson aligoma. Sikwambii mtu aliyefukuzwa kazi alivyo na kiburi; ndicho kitu pekee walichomwachia. Alisema hawezi kununua ndizi kwa baba yake mzazi kwa sukari, kama mchuuzi. Kama mzee ana roho ya namna hiyo, abaki na migomba yake. Hakwenda tena.

Basi ikawa hasara tupu. Ameokoa robo ya sukari, anapoteza mkungu mzima kila wiki. Pengo la ndizi likazibwa kwa unga wa dukani, na unga ukala kila alichokuwa amekibana. Felista akatazama ni kipi kimebaki cha kukata, akaona kimebaki kimoja, sahani yake. Aliwapakulia watoto, akampakulia mumewe, yeye akakwangua sufuria. "Nimeonja sana jikoni, nimeshiba," alisema, na hakuna aliyembishia. Ackson hakuuliza. Watoto ni watoto. Hata gauni lilipoanza kumning'inia alilipunguza kwenye cherehani, akaendelea na sare za watu. Ilikwenda hivyo mwezi, ikaenda miwili, ikafika mitano.

Mwezi wa nane Tulia akaanguka shuleni kwa njaa, mstarini, asubuhi. Walimrudisha nyumbani wamemshika mikono. Felista alimtazama mwanawe akashtuka kwa sababu hakushtuka. Alijua tu kwamba mkungu wa Kisondela lazima urudi, na kwamba kama mwenye baba haendi, ataenda yeye. Na ataenda kusema nini, kwa mtu asiyeruhusiwa hata kumtazama? Jumamosi alifunga robo ya sukari kwenye kitambaa, akajitanda kanga, akashika njia.

Alifika ukungu ukiwa bado haujanyanyuka. Mzee alikuwa ameketi mbele ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Felista aliona magoti tu na mikono, akageuka haraka, akazunguka kwa nyuma na kuchuchumaa kwenye ukuta wa jiko. Mzee naye aliona kanga ikipotea. Akakohoa, akageuza kigoda chake mpaka akaipa nyumba mgongo, akaita kwa sauti:

"Veronika! Njoo uone nani yuko jikoni kwangu!"

Veronika, jirani aliyemchotea mzee maji na kumpikia, akaja anafuta mikono. Alipomwona Felista akajishika kinywa.

"Mwe! Mama Obed! Kumbe upo?"

"Nipo, dada. Shikamoo." Akamnyooshea kifurushi. "Mpelekee baba. Mwambie nimekosa, mimi ndiye niliyeikata, Ackson hana kosa. Mwambie watoto wana njaa. Naomba ndizi."

Yote hayo aliyasema kwa sauti moja, kama anayesoma orodha ya dukani. Veronika akazunguka nyumba. Sauti ya kisu kwenye mpini ikakoma. Felista akasubiri matusi, na hata matusi hakuyaogopa.

"Fundo ni lake," mzee akasema, upande wa pili. "Muulize amerudi lini."

Veronika akaja. "Anauliza umerudi lini."

"Kutoka wapi?"

"Kwenu Kawetele. Si uliondoka, ukamwacha Ackson?"

"Mimi? Sikwenda popote. Nipo Bulyaga, nashona."

Veronika akarudi mbele na maneno hayo, na mzee akafoka, si kwa Felista, wala si kwa Veronika, alifoka tu hewani.

"Hakuondoka! Mjinga yule anakuja hapa mikono mitupu, kifurushi hakuna, uso umeanguka, hasemi neno. Miaka kumi na mmoja kifurushi hakijakosa! Nifikiri nini mimi? Nikajua mkamwana wangu ameondoka na wajukuu zangu, au amekufa wananificha. Ndizi ningempa nani? Mwanangu hata chumvi hajui inaingia lini kwenye chungu! Na kuuliza, nitamuulizaje mke wake? Nimekaa hapa miezi mitano na msiba wangu peke yangu."

Felista aliyasikia yote, ukuta ule ulikuwa wa matope tu. Alisikia kitu kinamsogea kifuani, polepole, kinauma kama mguu unapoanza kuamka. Kwake walikuwa wanne, wanalala pamoja, wanakula pamoja. Hakuna aliyekuwa amegundua kwamba hayupo. Aliyegundua ni huyu, asiyeujua uso wake.

"Akatiwe mikungu miwili," mzee akasema, sauti imeshuka. "Mwanao ataibeba, Veronika, amsindikize mpaka mjini. Na huyo Ackson aje Jumamosi ijayo, na sukari au bila sukari, nina maneno naye." Akakohoa. "Muulize kama amekula."

Veronika akachungulia nyuma ya jiko. "Anauliza umekula?"

Jibu lilikuwa mdomoni, tayari, lile la kila siku. Felista akafungua kinywa alitoe.

"Sijala," akasema. Ilitoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Mwambie sijala. Mwambie sijala tangu mwezi wa tatu."

Veronika akageuka kuyapeleka maneno, akapiga hatua mbili.

"Usiyarudie, Veronika," mzee akasema kwa ukali kutoka upande wake wa ukuta. "Nimekusikia, mwanangu."

Felista akakaa chini kwenye majivu, akalia kwa sauti. Veronika akawasha moto, akaanza kumenya ndizi.