Nilifyeka Masale Ili Gari Lipite

Admin naomba unifiche kabisa, maana Pasua nzima wananijua, na kwa uzuri wa kazi yangu ukitaja hata mtaa tu nimekwisha.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, fundi rangi wa magari. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkiona mwandiko umeteleza mnivumilie, ila nileteeni gari lililopauka mwone kama halitang'aa kuliko vipara vya walimu walionicharaza. Sijaoa. Wanaonitaka wapo, foleni ni ndefu, lakini hilo si la leo.

Nilipokuwa na miaka sita, marehemu baba alikuwa na gari la Kijapani la milango miwili, jekundu, yale ya taa zinazolala ndani ya boneti halafu zinaamka ukiwasha. Watoto tuliliita Chura. Desemba baba akipanda nalo kijijini tulilisikia likiwa mbali, tukakimbia migombani kulipokea. Mimi nilipanda mbele kama mkuu wa mkoa, watoto wa jirani wakisukuma kwa nyuma hata kama halijakwama. Mwaka mmoja likaondoka. Niliambiwa baba ameliuza ili nikasome shule ya bweni. Sasa fikirieni, gari la mshua limeuzwa nisome, halafu shule yenyewe nikaikimbia. Hiyo kitu imenikaa kifuani miaka yote, ingawa mbele ya masela najifanya sijali.

Mwaka huu nikakuta lingine kama lile huko Kwa Sadala, limetelekezwa nyuma ya ghala la mahindi, kuku wanatagia kwenye siti. Nikalinunua. Miezi minne nikalifufua mwenyewe, nikalipaka wekundu ule ule wa baba, nikatafuta mpaka honi yenye mlio ule ule. Nilitaka mama atoke nje ashike mdomo.

Jumamosi iliyopita nikapanda nalo nyumbani, kijiji sitaji. Gari liko chini na njia yetu ni mawe matupu, kwa hiyo nilienda mwendo wa kinyonga, kiwiko dirishani, vijana wakinipigia makofi. Kona ya mwisho, nje ya lango la jirani yetu ambaye nitamwita Mzee E., njia imebanwa na kichaka cha masale. Kwa wasio wa huku, masale ni yale majani marefu tunayopanda mipakani, na ndiyo anayobeba mtu akienda kumwomba mwenzake msamaha. Ukiletewa sale, hukatai. Haya yalisimama peke yake mahali pasipo na mpaka wowote. Nikasema aliyepanda hapa alikuwa kalewa mbege. Nikashuka na panga, nikafyeka, mashina nikayang'oa, nikapita huku napiga honi.

Mama alitoka. Mdomo alishika kweli, lakini si kwa furaha. Akarudi ndani akafunga mlango.

Nikiwa bado nafuta vumbi, Mzee E. akaingia uani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti, nikidhani masikio yamezeeka. Akayaweka yale mashina juu ya boneti, udongo ukamwagika kwenye rangi yangu, akasema taratibu:

"Mwambie mama yako nimepokea jibu lenu."

Akaondoka. Na mimi mjinga nilichokimbilia kuangalia ni mikwaruzo.

Mama ndiye aliyenieleza. Kumbe gari halikuuzwa kwa ajili yangu. Desemba ile baba alikuwa anarudi kinyumenyume kwenye ile kona, akamgonga mtoto wa mwisho wa Mzee E., yule niliyekuwa nacheza naye, ambaye mimi niliambiwa amekufa kwa homa. Baba akabeba sale, akaenda kupiga magoti, wazee wakakaa, likapokelewa. Sale lenyewe likapandwa pale mtoto alipoangukia, na baba akaapa gari lile halitapanda tena kwetu. Miaka ishirini nyumba hizi mbili zimepeana maziwa, na mama na mke wa mzee wanakaa benchi moja kanisani. Mimi nimekuja na gari jekundu, honi ile ile, na panga.

"Mama, si mngeniambia," nikalalamika.

"Ulikuwa unalipenda mno lile gari, mwanangu. Baba yako aliogopa utamchukia."

Nikatoka nje, nikachomoa waya wa honi.

Jumapili mke wa mzee alihamia benchi la nyuma. Jumatatu maziwa tuliyopeleka tuliyakuta langoni kwetu, chombo kimejaa vile vile. Mama hali chakula. Baba mdogo amekataza gari lisiwashwe, kwa sababu njia ni moja, inapita langoni kwao, na kila likipita ni tusi jipya. Anataka nilikate vipande humu humu uani kabla wazee hawajakutana Jumamosi hii kulijadili jambo hili, kisha yeye apeleke sale kwa niaba yangu, maana anaujua mdomo wangu. Mama hataki. Anasema aliyeng'oa ndiye atakayebeba, tena niende sasa hivi, nisisubiri kikao.

Kulikata gari kunaniuma, sitawadanganya, ndani yake namuona baba. Lakini kwenda ndiko kunakonitisha zaidi. Tangu nizaliwe sijawahi kumwomba mtu msamaha bila kuchekacheka. Na je, mkono ulioling'oa la kwanza unaweza kupeleka la pili likapokelewa? Baba mdogo anasema hapana. Mzee akinifungia mlango, mimi nitashuka zangu mjini Pasua, mama ndiye atabaki kuishi na watu wasiomwitikia salamu.

Watu wazima, hasa mliowahi kuzika mtoto, niambieni ukweli. Mngependa kuniona mlangoni kwenu, au kuniona tu ni kukitonesha kidonda? Leo ni Alhamisi. Wa kunicheka mnicheke, ila mwenye neno la kunisaidia alitoe kabla ya Jumamosi. Nifanye nini?