Pacha Haliliwi

Haki ya Mungu wa mbinguni! Kama kuna neno moja la uongo hapa, ulimi wangu ukauke kama omena juani. Wale wanasema mimi napenda kuongeza chumvi waje wasimame mbele yangu. Nilikuwako! Niliona na macho yangu haya mawili, na siku hizo macho yangu ilikuwa inaona sindano ikianguka Tororo mimi nikiwa Masinya.

Nilipokuwa mtoto, miaka ile ya sitini, Uhuru bado inanukia upya, Baba alikuwa dereva wa lori. Alibeba pamba kutoka kwetu Masinya mpaka jineri ya Tororo, pale pamba inachambuliwa mbegu. Alishika usukani mpaka ng'ombe wa barabarani walikuwa wanamjua, wanampisha wenyewe. Sasa tajiri wake, Mhindi mmoja mpole, akamwambia kwamba Wazungu wanapanda Mlima Elgon, kule juu kwa msitu kuna ziwa ndogo, wanakaa kando yake, wanakula, wanarudi nyumbani. Basi! Hiyo maneno ikamwingia Baba kama funza. Jumapili moja akaomba lori, akatupakia wote: Mama, mimi, Kukhu, yaani nyanya yetu aliyemzaa Baba, na wale pacha wetu wawili, Opio na Odongo. Ndio kwanza walikuwa wamejua kukimbia bila kuanguka.

Jirani akatoka mbio, leso bado anaifunga.

"Baba Pacha! Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Tunakwenda kuangalia ziwa."

"Ziwa? Na ziwa letu la Majanji si iko hapo? Hiyo ya mlimani iko na maji gani, maziwa?"

"Mama, wacha watu watembee!"

Hakuwa na makosa. Kwetu Samia siku hizo, ukiona familia nzima imepanda lori, hiyo ni matanga. Kupanda lori kwa furaha tu, sisi ndio tulianza. Andika hiyo.

Tukapanda mpaka barabara yenyewe ikachoka. Lori tukaiacha hapo, tukaingia msitu kwa mguu. Mianzi ilikuwa mikubwa, mmoja ungeweza kufuga mbuzi ndani. Mbega walikaa juu na ile mikia yao nyeupe, wanatuangalia kama wazee wa baraza. Na baridi! Ulikuwa ukitema mate inafika chini imekuwa jiwe.

Ziwa lenyewe, kusema kweli, Majanji ingelimeza kama kidonge. Na maji huyaoni. Juu yote ilikuwa majani, kijani, imetandikwa sawa kama mkeka. Baba akapiga makofi.

"Mnaona? Uwanja wa mpira! Leo sisi Wazungu."

"Wazungu gani wanakula kiazi na mkono," Kukhu akamjibu, na mdomo wake umejaa.

Tulicheka. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nataka ukumbuke kwamba mama yangu alikuwa mtu wa kucheka.

Ndipo Opio akaja peke yake, anatafuna kiazi.

"Mwenzako yuko wapi?" Mama akamuuliza.

Opio akanyoosha kile kiazi upande wa ziwa. "Ameingia chini ya majani."

Alisema hivyo tu, kama mtu anakwambia kuku ameingia jikoni.

Mimi mpaka leo siwezi kukueleza vizuri. Baba alikimbia, mimi nikampita. Pale kando majani ilikuwa imefunguka, tundu jeusi, kama mdomo wa chungu. Nikaruka ndani. Kukhu alikuwa anasema ni Baba alimtoa Odongo. Sawa. Baba alishika shati, lakini mguu niliushika mimi, na bila mguu shati ingetoka peke yake.

Tukamvuta nje. Rangi yake ilikuwa majivu. Macho nusu. Baba akamtingisha, akamwita, akampuliza usoni. Hakuna kitu.

Mama akafungua mdomo.

Lazima ujue kilio cha wanawake wa kwetu. Mama yangu akilia msiba, Kenya walikuwa wanavuka kuja kuuliza. Lakini sauti haijatoka, Kukhu alishafika. Akampiga kiganja mdomoni, pa!

"Nyamaza! Pacha haliliwi!"

"Mama, mtoto wangu..."

"Huyu hakufa. Ameruka. Ukimlilia, yule mwingine anasikia, anamfuata. Mwangalie Opio! Unataka wawili?"

Hiyo ndiyo sheria yetu. Pacha akienda, husemi amekufa, hutoi chozi, hupigi kelele, kwa sababu roho zao zimefungwa na kamba moja. Opio alikuwa amesimama pale anatuangalia, kiazi bado mkononi. Mama akamwangalia. Akachukua ncha ya leso, akaingiza mdomoni, akauma. Nikaona damu kwa leso, na sauti hakutoa. Baba naye, yule mtu wa kupigia kelele ng'ombe wa Tororo nzima, akafunga midomo mpaka ikapotea.

Kukhu akatuambia pacha halazwi kwa udongo wa wageni, tumpeleke nyumbani, na mtu asifungue mdomo mpaka Masinya. Baba akamtupa Odongo begani, kichwa kikaning'inia nyuma mgongoni. Kukhu akatangulia. Mama akambeba Opio. Mimi nikawa nyuma ya Baba kabisa. Uso wa ndugu yangu ulikuwa hapa, mbele ya uso wangu, unapiga mgongo wa Baba kila hatua, na maji inatoka puani, inadondoka njiani. Msitu wote ulikuwa kimya. Hata mbega. Nilikuwa nasikia majani yanavyoshikana.

Ndipo nikasikia: kwi.

Nikafikiri ni ndege. Tukatembea. Kwi.

"Kukhu, amefanya kwi."

Kukhu akarudi, akanipiga kofi moja, nikaona jioni mchana. "Nimesema nini?"

Na kabla hajashusha mkono, Odongo akafanya tena, mbele ya watu wote. Kwi! Halafu akatapika ziwa lote kwa mgongo wa Baba, akaanza kulia. Akalia! Baba akapiga magoti pale njiani na mtoto begani, anasema tu, "Lia, baba. Lia, baba."

Mama alikaa chini kwa mianzi. Leso ilikuwa bado mdomoni. Kukhu ndiye aliivuta ikatoka.

Mwalimu mmoja nilimwambia hii habari bila kutaja jina. Akasema ni bega, maji ilimwagika kwa sababu kichwa kilikuwa chini. Mimi sikusoma, siwezi kubishana na bega. Lakini ile kwi ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko chafya ya panya. Kama tungelia vile tunavyojua kulia, nani angesikia? Tungemfunga kwa gunia, tungemzika Masinya akiwa hai. Kukhu mpaka anakufa alisema ni sheria ilimwokoa.

Hakusema nani alilipa. Kile kilio Mama alimeza siku ile hakikutoka tena. Alizika mama yake, macho makavu. Alizika Kukhu. Mwaka ule tulimzika Baba, wanawake wakajigaragaza chini, yeye akakaa kwa mkeka kama mgeni. Odongo alikasirika. Sasa ni mtu mzima, ana tumbo, ana duka pale mpakani. Akanivuta kando akaniambia, "Kaka, huyu mama yetu ana roho ya jiwe. Hata mume wake hamlilii? Huyu hata sisi hakutupenda."

Nikamwangalia. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa neno, ulikosa. Kukhu alituapisha: pacha akiambiwa kwamba aliwahi kuruka, anakumbuka njia.

Kwa hivyo wewe umesikia, inatosha. Ukipita kwa duka lake, nunua sukari, msalimie, cheka naye. Lakini hii usimpelekee, wala usimwambie mtu wa kumpelekea. Nakuomba, ndugu yangu. Mama bado yuko hai.