Siku Jado Alipokubali

Jado wa Kirolirwe, mfugaji na muuza maziwa, hukiri mwenyewe kwamba katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kumkubalia mke wake neno. Vénantie akisema mvua inakuja, yeye huanika viatu.

Asubuhi moja alikuwa akichonga vigingi vya uzio wa ng'ombe. Vénantie akamwonya kwamba mpini wa panga umelegea. Jado akajibu kwamba panga hilo alilijua kabla hajamjua yeye. Panga likachomoka, likamzama pajani. Damu ikaruka hadi majanini, na bwana yule, sikio la kufa, akakaa chini kuhutubia kwamba huo ni mkwaruzo tu, mtu asimguse.

Vénantie alimgusa. Alivua kitenge, akakikunja, akakandamiza jeraha kwa nguvu zote, huku akimpigia kelele jirani yao Narcisse alete watu na kipoyi, ile machela ya kubebea wagonjwa. Jado akaendelea kubisha. Kisha sauti ikafifia, jasho baridi likamtoka, midomo ikapauka. Akaomba maziwa, maana kwao aliyetokwa na damu hunyweshwa maziwa, na kidumu kilikuwa hapo hapo. Vénantie akakataa: yangempalia. Akamwamuru alale chali.

"Njo vile," Jado akasema polepole. "Uko unasema kweli, Mama Umwali."

Anakumbuka kwamba wakati huo mkewe alimwonekea mwanamke mwenye akili nyingi mno. Wazo hilo peke yake lingetosha kumjulisha kwamba anakufa, lakini hata akili ya kuogopa ilikuwa imemtoka.

Vénantie aliogopa kwa niaba ya wote wawili. Alimshika masikio, kama anavyomshika ng'ombe aliyezaa akatoka damu nyingi, akayakuta ya baridi. Mshipa wa shingo ulikwenda mbio, tena kwa unyonge. Akakandamiza kitenge kwa goti, akainua miguu ya mumewe juu ya kidumu cha maziwa aliyonyimwa, akamfunika koti lake. Hakuliondoa goti mpaka kipoyi kilipofika.

Kwenye kituo cha afya walimshona, wakamtundikia seramu, yale maji ya mshipani, kisha damu ya Narcisse, ambaye Jado alizoea kumwita mwoga. Jioni akafumbua macho. Vénantie akamwambia kwamba panga litatiwa mpini mpya.

"Mpini hauna makosa," Jado akanong'ona.

Vénantie, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu asubuhi, akaketi chini akalia.